Ngozi Yangu, Mfuko wa Mpira na Nyuzi za Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kucheka. Hata kwenye darasa la usiku, tulipokuwa watu wazima arobaini tukigombea mwanga wa karabai moja, mwalimu alinikalisha nyuma kabisa kwa sababu nikikaa mbele hakuna aliyesoma. Nilipata cheti changu hivyo hivyo, nikawa karani wa mizani kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na cheti nikakitia kwenye bahasha ngumu nisiyoruhusu mtu aishike kwa mikono yenye maji. Nakwambia haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kulialia. Lakini mwaka ule nililia mpaka Mwamba wa Tororo ukasogea hatua mbili kuelekea Kenya, na wapima ardhi hawajagundua hadi leo.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyetoka hospitali na mfuko kiunoni, umelala chali kwenye mkeka, ngozi inawaka, na unadhani jambo hili limempata mtu mmoja tu tangu dunia iumbwe. Sivyo. Mimi nilikutangulia kwenye huo mkeka.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mvua za masika zimeshika, nasi huku Kiyeyi tunapalilia wimbi, yaani ulezi. Mchana mmoja tumbo lilinivimba likawa ngoma. Ndugu yangu alinifunga kwenye keria ya baiskeli, akanisukuma kwenye tope hadi barabarani, lori la mawe likanibeba hadi mjini. Mengine sikumbuki. Nilipoamka daktari alinieleza kwamba utumbo ulijisokota, kipande kikafa, wamekikata, na ncha iliyobaki wameitoa nje upande wa kulia chini ya kitovu. Haja yangu itapita hapo.

"Ni kwa muda," alisema. "Ukipata nguvu, na ngozi hiyo inayozunguka ikiwa nzima, nitakufungua tena nikuungie. Ngozi ikiwa kidonda, siwezi. Nikikata penye kidonda nitakuua."

Nilisikia "kwa muda" tu. Maneno ya ngozi yalipita juu ya kichwa changu. Ngozi nilikuwa nayo miaka thelathini na minne na haikuwahi kunidai chochote.

Aliyenifundisha kujitunza alikuwa dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, mzee Ochola, mtu wetu wa Padhola. Alinipa mfuko wa mpira wenye mdomo wa duara na mkanda wa kufunga kiunoni, kopo la malhamu ya zinki, na roli la kitambaa cha pamba. Kazi ilikuwa hivi: unakata kitambaa kiwe kama pete, unakipaka zinki, unakibandika kwenye ngozi kuzunguka ule utumbo uliochungulia nje, kisha unaweka mdomo wa mfuko juu yake na kukaza mkanda. Ili tundu la pete lienee vizuri, Ochola alichukua kipande cha boksi, akapima tumboni kwangu, akakata tundu.

"Hii ndiyo kipimo, karani," alisema. "Wewe nafuata hii. Halafu narudi hapa baada ya wiki mbili, tuangalie pamoja."

Kipimo nilikipenda sana, hasa kwa kuwa alikiandika jina langu kwa kalamu ya wino. Nilikitia kwenye bahasha pamoja na cheti. Ile habari ya wiki mbili sikuitimiza. Mvua ilikuwa imekata daraja dogo, nami nikajiambia msomi haitwi mara mbili kufundishwa kukata kitambaa.

Yule utumbo nilimpa jina, Karani Msaidizi, maana alikuwa akitoa mzigo bila kuniuliza mimi mkubwa wake wala kungoja stakabadhi. Mke wangu Nabwire alicheka siku ile. Siku za kwanza tulicheka sana. Watu walikuja na mayai na kuku, nikawasimulia nilivyokatwa kuanzia kifuani hadi magotini, wakashika vinywa.

Kicheko kilidumu wiki tatu. Nilianza kusikia mwasho chini ya mfuko, kama siafu mmoja amepotea njia. Kesho yake wakawa siafu wawili, na baada ya hapo wakaita ukoo mzima. Nabwire alipobandua pete, ngozi ilikuwa nyekundu na inang'aa, ina majimaji, kama nyama iliyochunwa. Haja ya utumbo ule mwembamba si kama haja ya kawaida. Ni maji makali, yanayeyusha chakula, na yakikaa kwenye ngozi yanaiyeyusha nayo. Pete haikushika tena penye majimaji. Isiposhika, haja inavuja. Ikivuja, ngozi inazidi kuchubuka, na pete inazidi kukataa kushika. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya duara hilo wala sikuona mlango.

Nilifanya kila kosa ambalo mtu msafi hulifanya. Nilisugua kwa sabuni ya mche na kitambaa kigumu, mara tano kwa siku, maana nilidhani uchafu ndio adui. Niliagiza spiriti kutoka duka la dawa mjini nikaipaka. Sitasahau spiriti ile. Nilipiga ukelele, na majirani waliokuwa shambani wakaja na mapanga wakidhani chui ameingia. Ngozi ikawa mbaya zaidi.

Mtu mmoja aliona kosa mapema. Siku moja Nabwire alikuwa amepiga magoti na beseni, akainamisha kichwa akatazama kwa muda.

"Baba Athieno," alisema, "tundu la hii boksi limekuwa kubwa. Nyama haijai ndani."

Nilikuwa na maumivu, lakini sitajificha nyuma ya maumivu. Nilimjibu, "Wewe umesomea wapi? Hiyo ni karatasi ya hospitali, ina jina langu kwa wino."

Alikata pete kwa kipimo kile kile, akaipaka zinki, akabandika, akatoka na beseni. Hakuligusa jambo hilo tena kwa miezi mitatu. Aliendelea kuniosha na kunipikia uji na kufua vitambaa ambavyo mtu mwingine angevitupa shimoni. Lakini mikono yake ilikuwa kimya, kama mikono ya mtu anayehudumia mgeni.

Mara ya kwanza kurudi kwa daktari ilikuwa mwisho wa mvua. Benchi la kungojea lilikuwa refu, nami nilinuka. Sisemi hili kwa kutia chumvi. Aliyekuwa kushoto kwangu alisogea, na wa kulia akakumbuka ana jambo nje. Nikabaki kama mfalme mwenye benchi zima. Mama mmoja mwenye mguu uliofungwa akaja akaketi palepale kando yangu, akavunja ndizi yake mbivu vipande viwili na kunipa kimoja, bila kusema neno wala kugeuza pua. Sikumjua jina. Ndizi ile naikumbuka kuliko karamu ya harusi yangu.

Daktari alitazama ngozi akatikisa kichwa. Rudi baada ya mavuno ya wimbi. Ochola hakuwapo, alikuwa likizo, nami sikumuuliza mwingine chochote kwa sababu niliona haya.

Mavuno ya wimbi yalifika. Mimi, niliyewahi kubeba gunia la pamba kwenye bega moja na kucheza ngoma kwa lingine, nilikuwa nalala chali kivulini na shuka limenyanyuliwa kwa kijiti lisiniguse tumbo. Niliogopa kula, kwa maana kila nilichokula kilitoka kuja kuniunguza. Nikakonda hadi mkanda wa mfuko ukazunguka mara mbili. Wazee wa ukoo walikaa uani kwetu kuzunguka chungu cha pombe, na mirija yao mirefu, wakaniita niende japo niketi. Nilifika hatua kumi, nikasikia joto likishuka pajani, nikageuka. Ndugu yangu alisema kwa sauti niisikie kwamba karani sasa ana mwajiri ndani ya tumbo. Watu walicheka. Mzaha ule ningeutunga mimi mwenyewe, na siku ile sikuupenda.

Mara ya pili daktari alitazama ngozi, akanifunika tena. Alisema mkataba wake unakwisha mwisho wa mwaka. Atakayekuja baada yake hamjui, na huenda asiwe mtu wa kisu. "Pamba ikianza kuingia jineri, uje. Ikiwa nzima, nitafanya. Ikiwa hivi, sitaweza kukusaidia."

Njiani kurudi nyumbani sikusema mzaha hata mmoja, na Nabwire akaogopa. Aliniambia baadaye kwamba ukimya ule ndio uliompeleka kwa mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Samia, anakaa ng'ambo ya Busia, upande wa Kenya. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake viliuzwa soko la Busia, na wanawake wa pande zote mbili walivigonga kwa kidole wakasikiliza mlio, wakanunua bila kubishana. Ila wewe uliyeoa huku kwetu unajua mama mkwe ni nani. Hukai naye chumba kimoja. Humpi mkono. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini upande huu na yeye upande ule, kila mmoja anatazama mbali. Kitanda changu asikione, mwili wangu ndiyo kabisa. Niliposikia kwamba Nabwire amemweleza habari zote, za mfuko, za ngozi, hata za Karani Msaidizi, nilitamani utumbo wote utoke nje nife na heshima yangu.

Siku mbili baadaye alikuja, asubuhi, bila kuitwa. Hakukanyaga nyumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akageuzia nyumba mgongo, akaketi chini na kunyoosha miguu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa udongo ambao hata kuku akikohoa unasikia. Lakini adabu ni adabu. Kila neno lilipitia kwa Nabwire, ambaye alitembea kutoka jikoni hadi kwangu na kurudi, kama posta.

"Nabwire, muulize mkwe. Hicho kipimo kilikatwa lini?"

Nabwire alizunguka, akaingia, akaniuliza niliyokwisha kuyasikia. Nikasema masika. Akatoka, akamwambia masika.

"Na hicho kinachochungulia tumboni, tangu masika, kimekaa vile vile?"

Nikasema kipimo ni cha hospitali, kina jina langu.

"Sikuuliza karatasi." Hakungoja Nabwire afike. "Mimi nafinyanga vyungu. Chungu kibichi ukikipimia mfuniko leo, wiki ijayo kimekauka, kimesinyaa, mfuniko unacheza. Siku ya kukatwa, si nyama ilikuwa imevimba? Sasa uvimbe umekwisha, na nyinyi bado mnafunika kwa mfuniko wa siku ile."

Nabwire alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Alinitazama.

"Nilisema," alisema, si kwa sauti kubwa.

"Ulisema," nikajibu. Neno lile lilinitoka zito kuliko mawe ya lile lori lililonibeba.

Nabwire alichomoa uzi kwenye gunia la pamba, akauzungushia ule utumbo polepole, akaukata. Kisha akauweka ndani ya tundu la boksi. Uzi ulikaa katikati kama mtoto kwenye kiti cha baba yake. Upana wa kidole kizima wa ngozi yangu, pande zote, ulikuwa unaogeshwa maji makali tangu wimbi likiwa changa, chini ya pete niliyoiamini kwa sababu imeandikwa.

Uzi ulipelekwa nyuma ya jiko. Mama mkwe aliupima kwenye vidole vyake, akaufunga kwenye pindo la leso. Kisha akauliza saa gani ya siku ule utumbo unatulia, maana chungu hakizibwi maji yakiwa yanapita. Nabwire alijua, mimi sikujua. Alisema ni alfajiri, kabla sijanywa uji. Basi pete ikatwe kwa kipimo cha uzi, ibandikwe saa hiyo, akasema. Ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu matupu, pasisuguliwe, paguswe kwa kitambaa laini, kisha mtu akae ngozi ipigwe na hewa mpaka ikauke kabisa. Spiriti akaiita jina la Kisamia ambalo Nabwire alikataa kunitafsiria.

Mimi msomi nikaona nichangie. Nikapeleka ujumbe: je, anaweza kuniletea ule udongo wake mweupe laini nipake?

Jibu lilikuja moja kwa moja kupitia ukutani. "Udongo ni wa chungu. Mkwe atumie dawa aliyopewa."

Hakula kwetu, wala maji hakunywa. Alipokuwa anaondoka, alisimama upande wa mbali wa uwanja, akiwa amenipa mgongo, akasema kama anayezungumza na mbuzi: "Kila kabla ya kubandika, Nabwire, uulize: pamekauka?"

Usidhani nilipona kesho yake. Mtu akikwambia ngozi ilipona kesho yake, mfukuze. Wiki ya kwanza nilikaa kila alfajiri na tumbo wazi, natetemeka kwa baridi, Nabwire ananipepea kwa kile kile kipande cha boksi chenye jina langu. Mara nyingine Karani Msaidizi aliamka wakati pete imeshapakwa zinki, akatoa mzigo wake, na kazi yote ikaanza upya. Siku kama hizo nilimwambia Nabwire aniache nioze. Aliuliza tu, "Pamekauka?" Nami nikaguna. Wiki ya pili pete ilishika nusu siku. Wiki ya tatu ukingo wa kidonda ulianza kuota ngozi changa, nyororo kama ya mtoto, na mwasho wake ulikuwa wa namna nyingine. Tulijifunza kwamba ukisikia siafu wa kwanza chini ya mfuko, ubandue siku hiyo hiyo. Ukingoja uone inavuja, umechelewa.

Kila siku ya soko Nabwire alipima uzi mpya, akauvusha mpaka wa Busia, akampa mama yake. Walinzi wa forodha walipekua kikapu chake kutafuta sukari na sabuni, na uzi ukapita. Mama mkwe aliulinganisha na wa wiki iliyopita na kuuliza neno lile moja. Kidogo kidogo nyuzi zikaacha kupungua. Utumbo ulikuwa umefika kipimo chake.

Pamba ilifunguka. Magunia ya kwanza yalipoanza kuelekea jineri, tulipanda basi kwenda mjini. Hatujafika nusu ya njia, mkanda ukateleza, nikasikia joto lile ninalolijua. Nilimshika Nabwire mkono nikamwambia basi, turudi, imekwisha. Aliinuka akamwambia dereva asimame. Tulishuka kando ya shamba la mtu. Ndani ya kikapu alikuwa na chupa ya maji, kitambaa safi na pete tatu alizokwisha kuzikata. Aliniosha nimesimama nyuma ya mihogo, magari yanapita, na akapepea kwa jani la ndizi.

"Pamekauka?"

"Tutachelewa."

"Sikuuliza saa."

Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa. Tukangoja mpaka pakakauka. Tulifika hospitali benchi limejaa, nikaketi wa mwisho, na hakuna aliyesogea. Niligundua hilo baada ya muda, na nusura nimkumbatie mzee wa watu aliyekuwa amenilalia bega.

Daktari alibandua pete, akabonyeza kwa kidole pande zote. Nilitazama dari. Nilihesabu misumari ya dari nzima, na sikumbuki ilikuwa mingapi. Alibonyeza tena pale pale penye ukingo, palipokuwa pabaya zaidi.

"Jumatatu," alisema. "Usile Jumapili jioni."

Mzee Ochola alikuwa ameegemea mlango. Alinisogelea akainama kutazama, akapiga mluzi.

"Karani, hii kazi safi. Nani nakufundisha?"

"Mama mkwe."

Alicheka, kisha akaacha ghafla, maana naye ana mama mkwe. "Ameona?"

"Hajaona hata kidogo."

"Hapo sawa," alisema, akaendelea kucheka.

Nilishonwa Jumatatu ile. Siku tano nilingoja, siku ndefu kuliko miezi saba yote, hadi utumbo ulipokumbuka njia yake ya zamani. Kovu limebaki, nami nikiwa na wageni nawaambia ni la mkuki. Kile kipande cha boksi Nabwire anapepea nacho jiko hadi leo, na jina langu kwa wino limeungua nusu. Bahasha ya cheti sasa ina nyuzi kumi na moja, alizozirudisha mama mkwe zimefungwa pamoja. Nikifungua kumwonyesha mtu cheti, zinaanguka kwanza.

Desturi haijabadilika. Majuzi nilikutana naye kwenye njia ya soko la Busia, vyungu kichwani. Mimi nikaingia majanini upande wangu, yeye akaingia upande wake, kila mtu akatazama mbali. Mwanamke huyo anajua kipimo cha utumbo wangu na hajui rangi ya macho yangu. Nikasikia nyayo zake zikirudi njiani, zikasimama.

"Pamekauka?" aliuliza, akiwa ameelekea Kenya.

"Pamekauka, Mama," nikayajibu majani.

Akaenda zake sokoni.